Tembo wa Rochester

"Usijali, ni nakala tu," mgeni mwenzangu aliniambia kwa nia njema, aliponiona nimeganda chini ya kile kichwa cha tembo kilichotundikwa ukutani katika jumba la George Eastman, mwasisi wa kampuni ya kamera ya Kodak, huko Rochester, Marekani. Kauli hiyo imenikera hadi leo.

Jumba lenyewe, lililokamilika mwaka 1905 na kufunguliwa kuwa makumbusho ya picha mwaka 1949, ni zuri, sibishi. Lakini mtu anayeikata nyumba yake vipande viwili mwaka 1919 na kusogeza kipande kizima karibu mita 3, eti kwa sababu ukumbi wa maua haukumridhisha kwa umbo lake, huyo fedha zilikuwa zimemzidi. Katika ukumbi huohuo alipata kifungua kinywa huku akipigiwa kinanda, na humo ndimo alimomtundika tembo. Mwaka 1926 alikuja Afrika Mashariki kuwinda, akiwa na bunduki na kamera, kisha akarudi Afrika mwaka 1928.

Sasa hiyo nakala inanipunguzia nini? Kichwa halisi kilikuwa majivuno ya mwindaji, na mwindaji alifariki mwaka 1932. Nakala ni uamuzi wa watu waliokuja baadaye, ambao wangeweza kuuacha ukuta mtupu. Ila picha za zamani za ukumbi zilimwonyesha tembo, na katika nyumba ya picha nani atathubutu kubishana na picha? Risasi haikuwa nakala.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba Eastman ndiye aliyeuza kamera ya Brownie kwa dola 1 mwaka 1900, na kwamba bila watu wa aina yake nyuso za babu na bibi zetu wengi zingebaki katika masimulizi tu.

Wala sitaki kichwa hicho kiondolewe. Kukiondoa kungekuwa kumsafisha mwenye nyumba bure. Ninachotaka ni kwamba mgeni anayesimama pale asimuliwe safari nzima: ni nani aliyefuata nyayo, ni nani aliyemchuna, maana ngozi ya tembo haijichuni yenyewe wala haijipaki chumvi, na ni mabega ya nani yaliyobeba mzigo huo. Kama majina yao hayakuandikwa popote, basi hilo nalo liandikwe pale ukutani, kwa herufi kubwa, chini ya pembe.