Mtungi wa Gesi Uvunguni

Mwezi Mei 2024 serikali yetu ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Mitungi ya gesi ya kilo 6 na majiko banifu, yaani yanayotumia mkaa au kuni kidogo, yanasambazwa kwa bei ya ruzuku, na huku mitaani anayeitwa kwanza kuhamasisha ni kikundi: VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa), akina mama wa mtaa, jumuiya za kanisani. Je, vikundi hivi vinapunguza kweli mkaa unaoteketea majumbani?

Mimi ni mwanakikundi, kwa hiyo naanza na nililoliona. Jiko banifu lenye udongo wa kuchoma ndani ya bati linaweza kupunguza mkaa kwa theluthi hadi nusu, lakini aliyezoea jiko la bati tupu haamini mpaka aone. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa kikapu cha kutunza joto. Mwenzetu mmoja hapa Mbagala, Dar es Salaam, aliloweka maharage usiku, asubuhi akayachemsha dakika ishirini, kisha akaizika sufuria kwenye kikapu kilichojazwa vitambaa na kanga kuukuu, juu akaweka mto. Saa tisa alasiri akaja nacho kikaoni. Alipofunua, mvuke ukatoka, na punje ukiibana kwa vidole inapondeka. Mkaa aliotumia ni wa dakika ishirini tu. Wiki iliyofuata wenzetu wanne walishakuwa wameshona vikapu vyao. Sijawahi kuona tangazo la redio likifanya kazi hiyo.

Faida nyingine ni mtaji. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Mwanamke au kijana hawezi kuifikia akiwa peke yake. Lazima muwe kikundi.

Lakini wanaotilia shaka nao wana hoja, na baadhi siwezi kuzijibu. Mkaa unauzwa kwa kisado, yaani kopo dogo, hata kwa fungu la kupikia mlo mmoja. Kujaza mtungi kunataka zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo, na anayelipwa kwa siku hana mkupuo. Ndiyo maana ukiingia nyumba nyingi utaukuta mtungi uvunguni mwa kitanda, mtupu, na jiko la mkaa linawaka barazani. Kwenye hesabu za wasambazaji nyumba hiyo imeshahama kwenye mkaa. Jiko nalo likipasuka udongo, fundi wa kulirudishia hayupo, na aliyekopa kulinunua bado anadaiwa rejesho.

Kwenye umeme ndiko kikundi kinakogonga ukuta kabisa. Jiko la umeme la presha huivisha maharage kwa chini ya yuniti moja, nafuu kuliko mkaa. Ila kwa bei zilizopangwa 2016, mtumiaji mdogo alilipa shilingi 100 kwa yuniti mpaka yuniti 75 kwa mwezi. Akivuka, kila inayozidi ni shilingi 350. Mwenye friji ndogo na feni akianza kupikia umeme ataukaribia mstari huo haraka, na hofu hiyo peke yake inatosha kumrudisha kwenye kisado. Hapo hata tukae vikao vingapi, bei haipangwi na sisi.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema vikundi viachane na mambo haya. Kosa ni kuvipa kazi ya kugawa vifaa siku moja yenye kamera, wakati nguvu ya vikundi iko kwenye kukutana kila wiki. Mwanakikundi ndiye anayejua mtungi wa jirani umeisha lini na kwa nini haukujazwa.

Sisi tumeanzisha kibubu cha gesi: buku moja, yaani shilingi 1,000, kila siku, mtunza hazina anapita jioni na daftari. Kwa siku ishirini na tano hela ya kujaza inapatikana bila kuumia. Mitungi sita imetoka uvunguni. Wenzetu wawili wamekwama, mmoja kwa sababu mume wake anaihesabu buku hiyo kuwa imeibwa kwenye hela ya matumizi. Amesharudi kwenye mkaa, na juzi alikuja kikaoni macho mekundu kwa moshi. Tumekubaliana kwenda kuongea na mume wake Jumapili.