Mwanafunzi wa Udaktari Chumba cha Dharura: Aingie, Lakini Asihesabiwe Zamu

Barazani malalamiko ni yale yale, iwe Unguja au Pemba. Mzee kapelekwa hospitali usiku, presha imepanda, mdomo umeanza kwenda upande. Kufika tu kazungukwa na vijana wa makoti meupe: mmoja anatafuta mshipa na haupati, mwenzake anapokea sindano naye ajaribu, wa tatu anaandika. Daktari mwenyewe ni nani, jamaa hawakujua mpaka wanatoka. Ndani ya hospitali nako kuna malalamiko, ila ya kinyume. Mwanafunzi wa mwaka wa nne au wa tano anamaliza wiki zake za idara ya dharura, na ukimuuliza kafanya nini, kapeleka damu maabara, kafuata majibu, kashika faili.

Wote wawili wana haki ya kulalamika, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Tuanze na upande wa wanaosema mwanafunzi lazima aingie na aguse. Zanzibar ilichelewa kusomesha madaktari wake nyumbani. Kwa miaka mingi kijana wetu aliyetaka udaktari alivuka bahari, na hospitali zetu zikategemea sana wageni, wakiwemo Wachina ambao wamekuwa wakija kwa zamu tangu miaka ya 1960. Mwaka 2007 ndipo mafunzo yalipoanza hapa hapa kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Matanzas cha Cuba, na kundi la mwanzo likahitimu 2013. Leo kazi hiyo iko mikononi mwa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na Mnazi Mmoja ndiyo hospitali kuu ya rufaa. Katika miaka ya karibuni zimejengwa pia hospitali za wilaya visiwa vyote viwili. Majengo hayo yanataka madaktari, na daktari kijana ndiye anayepelekwa mbali.

Sasa mfikirie huyo kijana. Kasoma miaka mitano, kamaliza mwaka mmoja wa mafunzo ya kazini, kapangiwa Micheweni, kaskazini ya Pemba. Saa nane za usiku analetwa mjamzito mwenye kifafa cha mimba, au mchumaji aliyeanguka kutoka juu ya mkarafuu tangu jioni. Mgonjwa huyo hasubiri boti ya kwenda Unguja. Kila daktari ana siku yake ya mwanzo ya kufungua njia ya hewa ya mtu anayekata roho. Siku hiyo haikwepeki. Tunaloweza kuchagua ni kama itamkuta na mkubwa wake ubavuni au itamkuta peke yake na taa ya simu. Kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande huu, na sijasikia aliyeijibu vizuri.

Wapo wanaosema ajifunzie kwenye sanamu ya plastiki. Sanamu ina kazi yake, tena kubwa. Kukandamiza kifua cha mtu mzima ambaye moyo wake umesimama kuna vipimo: kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na wapokezane kila baada ya dakika 2 kwa sababu mikono huchoka kabla mwenyewe hajahisi kuchoka. Yote haya hufundishika bila mgonjwa, na aliyeyazoea huwa wa msaada hasa siku ya siku, maana watu wa kupokezana huwa hawatoshi. Lakini sanamu haitapiki. Haina mama anayepiga kelele mlangoni wala kaka anayetaka kuingia kwa nguvu. Uamuzi wa nani aangaliwe kwanza kati ya watano waliofika pamoja haumo ndani ya plastiki.

Upande wa pili nao si wa kupuuzwa. Swali lake la kwanza ni nani anayelipa gharama ya mafunzo haya. Mwenye uwezo huenda hospitali ya binafsi, akizidiwa huvuka Dar es Salaam au huenda India. Anayebaki kuchomwa na mkono unaotetemeka ni yule asiye na nauli. Nimewahi kusikia jibu kwamba matibabu ni bure, basi na mgonjwa naye achangie kwa kuvumilia. Hoja hii siikubali hata kidogo. Matibabu ya bure yalikuwa ahadi ya Serikali ya Mapinduzi kwa wananchi ambao karafuu zao ndizo zilizoiendesha nchi. Hayakutolewa kwa sharti la kukopesha mwili. Huko ni kujifunza kunyoa juu ya kichwa cha yatima.

La pili ni ruhusa. Mtu aliyepoteza fahamu haulizwi kama atibiwe. Anatibiwa, na kila mwenye akili anaelewa kwa nini. Lakini ruhusa hiyo ni ya kumuokoa tu. Haipanuki ikawa ruhusa ya watu sita kumzunguka mwanamke aliyekatwa nguo ili kila mmoja aone. Kwetu stara haiwekwi kando kwa kuwa mtu anaumwa, na pazia la kitanda ni kifaa cha kazi kama vingine.

Na kuna maiti. Katika baadhi ya hospitali za kufundishia duniani iliwahi kuwa desturi kwamba mgonjwa akishakata roho, wanafunzi humpitishia mpira wa hewa kooni ili wazoee, kisha ndipo jamaa huitwa. Hoja yao haikuwa ya kijinga: maiti haumii, na atakayeokolewa kesho ni hai. Hata hivyo chama cha madaktari cha Marekani kiliishia kutaka familia iulizwe kwanza. Hapa visiwani jambo lenyewe lingekuwa zito zaidi. Masheikh hutukumbusha hadithi kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai, na jamaa huwa wanataka mtu wao mapema wakamkoshe na kumzika. Mpira wa kooni haukuvunja mfupa, atasema mtu. Sawa, lakini familia ikijua kwamba mzee wao alichezewa kabla hawajaambiwa amefariki, mtaa mzima hautaleta mgonjwa tena mpaka awe mahututi, na wa kulaumiwa hatakuwa mtaa.

Kwa haraka niwataje wanafunzi wa nje wanaokuja kwa wiki chache, wengi katika msimu wa likizo zao. Kujuana kuna faida. Ila anaposhona jeraha ambalo kwao asingeruhusiwa kulishona, na mwanafunzi wetu kageuzwa mkalimani, hesabu haijakaa sawa.

Nikipima yote, naona tumekuwa tukigombana juu ya jambo lisilo lenyewe. Mwanafunzi anayejifunza mbele ya mkubwa wake si hatari. Hatari inaanza pale anapohesabiwa: pale ratiba ya usiku inapoonekana ina watu wanne kumbe wawili ni wanafunzi, na daktari wa zamu yuko njiani. Hapo hafundishwi, anaziba pengo, na mgonjwa hajui. Kwa hiyo majina yao yakae kwenye karatasi yao peke yake, na beji iandikwe MWANAFUNZI kwa herufi zinazosomeka kutoka mlangoni. Mkubwa akiondoka, mikono inatoka kwa mgonjwa.

Watasema: je, siku kama zile zilipozama meli za abiria, MV Spice Islander, Septemba 2011, au MV Skagit, Julai 2012? Siku kama hizo kila mkono unahitajika, kweli. Lakini kinachosaidia wakati huo ni mtu anayejua kazi yake mapema: kugawa wagonjwa kwa vitambulisho vya rangi kulingana na uzito wa hali zao, kubeba machela, kuandika majina ili ndugu wapate jibu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2018 mafunzo mafupi ya huduma ya msingi ya dharura, ya siku chache tu, yanayoanzia njia ya hewa, pumzi na mzunguko wa damu. Asiyeyapita asivuke mlango.

Linabaki suala la nani wa kumsimamia, hasa Pemba. Ubingwa wa tiba ya dharura bado mchanga nchini. Muhimbili ilifungua idara yake mwaka 2010 tu, na mabingwa wake hawajatosha hata Bara. Basi tusiwasubiri. Mkoani na Chake wapo wauguzi waliokesha na majeruhi kabla wanafunzi hawa hawajaanza skuli, na mshipa uliofichika wao ndio wanaoupata. Wapewe kalamu ya kutia saini kwenye kitabu cha mwanafunzi, na posho ya kufundisha ifuate saini hiyo. Najua baadhi ya madaktari watanuna.