Mradi wa maji usiotaja majitaka haujakamilika

Mradi wa maji wa kijijini unapozinduliwa, tunatajiwa magati (vituo vya kuchotea maji), ujazo wa tenki na idadi ya kaya zitakazounganishwa. Tuna haki ya kufurahi. Kumtua mama ndoo kichwani si jambo dogo. Ila kwenye risala hizo sijasikia maji hayo yakishatumika yataelekea wapi. Wahandisi hukadiria kwamba takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia kwenye nyumba yenye bomba hutoka tena yakiwa majitaka. Hayo nayo yanahitaji mpango.

Sizungumzii kaya zilizotawanyika mashambani. Mwenye choo cha shimo na ndoo chache kwa siku humwagia migomba maji ya kufulia, basi. Tatizo liko senta, pale barabara inapopita, penye gesti, mama ntilie, saluni, zahanati na shule ya bweni. Hapo watu wanavuta bomba hadi ndani na kujenga vyoo vya kuflashi, na shimo lililotosha kwa miaka linajaa upesi. Pita nyuma ya gesti za senta kama hiyo wakati wa masika. Chemba imefunikwa kwa bati lililokandamizwa na jiwe, maji ya kijivu yenye povu la sabuni yanachuruzika kando yake, kuku wanachakura humo humo, na bondeni kuna kisima ambacho watu hukirudia bomba likikatika. Gari la kunyonya linatoka mjini, na bei yake inapanda kwa kila kilomita. Kwa hiyo wengine husubiri mvua kubwa wakatapisha choo usiku. Jirani anajua na ananyamaza, maana mwezi ujao zamu ni yake.

Ukitaja kutibu majitaka, watu huwaza mitambo na bili ya umeme. Si lazima iwe hivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshughulikia kwa miaka mingi mabwawa ya majitaka na ardhioevu za kutengenezwa, na moja ya ardhioevu hizo ilijengwa Shule ya Sekondari Ruaha, Iringa. Majitaka huanzia kwenye karo, yaani tangi la chini ya ardhi, tope likatuama. Kisha huingia kwenye kitanda cha kokoto chenye kina cha zaidi kidogo ya nusu mita, kilichozibwa chini yasinywee ardhini, na juu kimepandwa matete. Maji hupita katikati ya kokoto bila kuonekana, hivyo mbu hukosa pa kuzalia, na hata harufu hupungua. Bakteria walioshika kwenye kokoto na mizizi ndio wanaokula uchafu. Pakiwa na mteremko, pampu haihitajiki, na matete ni haya haya ya kingo za mito yetu.

Tuchukue shule ya bweni ya wanafunzi 500, kila mmoja akitumia lita 25 kwa siku. Majitaka yake ni kama lita 10,000. Yakishatibiwa yanaweza kumwagilia miti ya kuni na majani ya ng'ombe. Mchicha na kachumbari hapana, kwa sababu vimelea hawafi wote. Moshi, kwa kiwango cha mji, maji kutoka mabwawa ya majitaka yamekuwa yakitumiwa na wakulima wa mpunga wa Mabogini.

Kinachoua mifumo hii ni tope. Karo lisiponyonywa, tope huvuka hadi kwenye kokoto, zikaziba, na maji machafu yakatokeza juu. Hapo lawama hupewa matete.

Sheria iliyounda RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, mwaka 2019 inahusu maji na usafi wa mazingira kwa pamoja. Basi vyombo vya jamii vinavyosimamia miradi vitenge sehemu ya makusanyo kwa ajili ya gari la kunyonya, liitwe kwa ratiba na kuhudumia senta kadhaa kwa safari moja ili gharama igawanywe. Na gesti au shule isiunganishiwe bomba kabla fundi hajaliona karo lake.