Kazi hewa ya kumtoa mbunge bungeni

Huku kwetu tukisikia watumishi hewa tunajua kuna hela imeliwa. Uingereza wana kazi hewa yao, ila hiyo inatolewa waziwazi na Waziri wa Fedha. Haina mshahara wala meza, na walioishika ni pamoja na Tony Blair na Boris Johnson. Cheo ni kirefu kuliko shughuli yake: Msimamizi na Mnyapara wa Mfalme katika Chiltern Hundreds.

“Hundred” hapa si mia ya kuhesabu. Ni eneo la utawala wa zamani, mfano wa tarafa. Za Chiltern, eneo la vilima, ni tatu, Stoke, Desborough na Burnham, huko Buckinghamshire. Husimuliwa kwamba vilima vile vilijaa majambazi, na msimamizi alikuwa na kazi ya kweli ya kuwadhibiti. Majambazi wakaisha, cheo kikabaki.

Kimebaki kwa sababu mbunge wa Uingereza haruhusiwi kujiuzulu. Azimio la Bunge la mwaka 1624 lilikataza, na mpaka leo linafuatwa. Enzi zile lilieleweka. Ubunge ulikuwa mzigo: uache mashamba yako, upande farasi hadi London, na mshahara hakuna (ulianza 1911!). Sasa watu wanauza viwanja ili waingie bungeni, lakini kule bado mlango wa kutokea umefungwa.

Sheria nyingine ilisema anayepokea kazi yenye maslahi kutoka kwa Mfalme anapoteza kiti, ili Ikulu isiwanunue wabunge. Wajanja wakaliona tundu hilo. Tangu 1751, anayetaka kuondoka huomba apewe usimamizi wa Chiltern, ambao kisheria huhesabiwa kazi ya namna hiyo ingawa hauna mshahara. Baadaye ikaongezwa kazi ya pili, ya Northstead huko Yorkshire, na sasa hutolewa kwa zamu. Desemba 1985 wabunge 15 wa Ulster (Ireland ya Kaskazini) walijiondoa siku moja kupinga mkataba wa Uingereza na Ireland, vyeo hivyo viwili vikazungushwa kati yao kama kikombe cha kahawa barazani.

Wengi hucheka na kusema ni mila tu, haidhuru mtu. Mimi kicheko kinanikauka nikifika kwa Gerry Adams. Huyu ni wa Sinn Féin, chama cha Ireland kinachopinga utawala wa Uingereza, ambacho wabunge wake hawaketi Westminster, yaani Bunge la Uingereza, kwa sababu hawataki kumwapia Mfalme au Malkia utii. Januari 2011 alitaka kugombea ubunge wa Ireland, akamwandikia Spika: najiuzulu. Hakuomba kazi yoyote. Serikali ikaichukua barua hiyo kama maombi na kumteua msimamizi wa Northstead. Waziri Mkuu David Cameron akalitangazia Bunge kwamba Adams amekubali cheo. Adams akakana, na ofisi ya Waziri Mkuu ikamwomba radhi. Lakini uteuzi ulibaki palepale. Mtu aliyeishi akiupinga ufalme aligeuzwa mtumishi wake kwa karatasi, eti ndiyo njia pekee ya kumruhusu aende zake.

Kenya, iliyorithi mengi kutoka Westminster, haikuhitaji kiini macho hiki. Ibara ya 103 ya Katiba inamtaka mbunge amwandikie Spika tu. Waingereza nao walipata nafasi: mwaka 1975 walitunga upya sheria ya watu wasiostahili kuwa wabunge. Badala ya kuweka sentensi moja ya kumruhusu mbunge ajiuzulu, wakaweka kifungu kizima cha kuvilinda vyeo hivi viwili, kwa majina yake.