Aliyeonewa Ndiye Anayenyang'anywa Simu

Juzi kwenye kikao cha wazazi tuliletewa mtaalamu. Dawa yake ya uonevu mtandaoni ni programu unayoiweka kwenye simu ya mtoto, ukae nayo ukisoma kila ujumbe unaoingia na kutoka. Makofi yakapigwa. Mzazi wa mbele yangu alianza kuipakua hata slaidi hazijaisha. Haya, tumepata mashine ya kutusaidia tusiongee na watoto wetu, tena ya kulipia kila mwezi.

Mpwa wangu ana miaka 14. Wenzake walichukua picha yake akiwa katikati ya kupiga chafya, wakaigeuza stika, wakaimwaga kwenye grupu la darasa. Akajitoa, wakamrudisha. Akajitoa tena, wakamrudisha tena. Mwisho akajikaza, akamwambia mama yake. Dada yangu nampenda, lakini jibu lake lilikuwa: "Si nilikwambia hiyo simu itakuponza? Lete hapa!" Simu ikafungiwa kabatini. Stika zikaendelea kuzunguka, ila sasa mwenyewe hazioni. Anakutana na vicheko tu asubuhi akiingia darasani. Na mdogo wake, aliyekuwa palepale akijifanya anatazama katuni, somo kalipata.

Tunalalamika watoto hawasemi, na aliyesema tumemwadhibu! Aliyetengeneza stika simu anayo na bando analo. Mtoto anapiga hesabu zake: nikisema, simu inakwenda, marafiki waliobaki upande wangu wamo humohumo, na masimango juu; nisiposema, naumia peke yangu. Wewe ungechagua lipi?

Mwaka 2000 Håkan Stattin na Margaret Kerr walichapisha utafiti juu ya vijana wa miaka 14 nchini Uswidi na wazazi wao. Waliona kwamba mengi anayoyajua mzazi kuhusu mwanawe huyajua kwa sababu mtoto kaamua kusimulia. Kupekua na kuhojihoji kulichangia kidogo. Na mtandao umelizidisha hilo, maana grupu la kumsema mtoto wako huenda yeye mwenyewe hayumo. Hiyo programu itasoma nini hapo?

Sawa, mtoto wa miaka 9 asimamiwe. Na akitokea mtu mzima anamnyemelea mtoto, pekua usiku kucha, sitakulaumu.

Wengine mtaniambia mnakula pamoja, yatosha. Kweli, mwaka 2014 Frank Elgar na wenzake walitoa utafiti wa vijana zaidi ya 18,000 wa Marekani: kwa waliokula mara nyingi na familia jioni, uonevu mtandaoni haukuendana sana na matatizo ya afya ya akili kama ilivyokuwa kwa wengine. Ila hawakuthibitisha kwamba chakula ndicho kinachokinga, na meza ambayo baba yuko kwenye matokeo ya mpira na mama yuko kwenye grupu la ukoo, sijui inamkinga nani.

Huyo mtengeneza stika naye ana kwao. Sikiliza matusi yake vizuri, mara nyingi utamsikia mtu mzima ndani yake.

Mwanao akikuletea jambo hili, mwache amalize, kisha umuulize anataka ufanye nini. Pigeni skrinishoti pamoja, majina na tarehe zionekane, kabla wenyewe hawajafuta. Kama ni la kupelekwa shuleni, ajue mapema utamwambia nani na utasema nini. Simu ibaki mkononi mwake. Na lile swali la "kwani wewe uliwafanya nini?" limeze kwanza.