Kashe ya pamoja inaonewa

Programu ikihama kutoka seva moja hadi klasta (kundi la seva zinazofanya kazi pamoja), swali la kashe, yaani hifadhi ya muda ya data inayosomwa mara kwa mara, halikawii. Kila seva itunze nakala zake kwenye kumbukumbu yake na kuzipasha habari seva nyingine, au zote zisome mahali pamoja, tuseme Redis au Memcached, programu za kutunza data kwenye kumbukumbu? Wengi siku hizi hukimbilia njia ya kwanza, kashe iliyosambazwa kwenye kila seva, na ile ya pamoja huchekwa kuwa ya wanaoanza: ikizimika, kwisha habari.

Hofu hiyo ina msingi. Kashe inayojibu maombi 95 kati ya 100 huiachia hifadhidata 5 tu. Siku ikizimika ghafla, hifadhidata inabebeshwa yote 100, mzigo mara 20 ya ule iliouzoea, na mara nyingi huanguka nayo. Kuna na kasi: kusoma kumbukumbu ya ndani ni kama nanosekunde 100, ilhali safari ya kwenda na kurudi ndani ya kituo kimoja cha data ni kama nusu milisekunde. Ukurasa unaoomba vitu 200 kimoja kimoja utapoteza milisekunde 100 njiani. Ila hapo wa kulaumiwa ni aliyeandika msimbo. Amri ya MGET ya Redis ingemletea vyote kwa safari moja.

Sasa chukua seva 8, kila moja na nakala yake ya bei ya bidhaa. Msimamizi anabadilisha bei, na ombi lake linaangukia seva ya tatu. Hiyo inajua, nyingine 7 hazina habari. Anapakia upya ukurasa, kigawa mzigo kinampeleka seva ya sita: bei ya zamani. Anapakia tena: ya zamani. Kama maombi yanagawanywa sawasawa, ataiona bei yake mara 1 kati ya 8. Data iliyochakaa kwa wote ingevumilika. Hii inayokuja na kutoweka humfanya abonyeze "Hifadhi" mara tatu, kisha aandike malalamiko ambayo mhandisi hataweza kuyathibitisha, maana kwenye kompyuta yake kuna seva moja tu na kila kitu kiko sawa.

Utaambiwa seva zitangaziane mabadiliko. Vizuri, kwa njia gani? Wengi hutumia matangazo ya Redis yenyewe (kumbe mahali pamoja pamerudi kwa mlango wa nyuma), na matangazo hayo hayatunzwi: seva iliyokatika mtandao kwa sekunde 2 wakati ujumbe unapita haitaupata kamwe. Ukiweka nakala zife baada ya sekunde 60, uchakavu unapata kikomo, lakini kila seva inakwenda kusoma kwa saa yake, na kilichosomwa hifadhidata mara 1 kwa dakika sasa kinaweza kusomwa mara 8. Kumbukumbu nayo: gigabaiti 2 za data ileile zimekuwa 16.

Orodha ya nchi, tafsiri za vitufe, mipangilio inayobadilika programu inapotolewa toleo jipya tu: hivyo nakili kwenye kila seva bila wasiwasi. Bei na vikao vya watumiaji (kumbukumbu za nani ameingia kwenye akaunti yake) ningeviacha kwenye kashe ya pamoja, pembeni yake ikiwepo seva ya pili inayopokea nakala na iliyo tayari kushika zamu. Nakala hizo za Redis huchelewa kidogo, kwa hiyo seva kuu ikifa data chache zilizoandikwa mwisho zinaweza kupotea. Bei itasomwa upya kutoka hifadhidata. Mwenye kikao kilichopotea ataingia tena.