Bwana Afya wa Kaloleni

Kamati yetu ya harusi ilikuwa na watu kumi na wanne, na mambo yalikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye chakula. Binamu yangu alikuwa anaoa Kaloleni, hapa hapa Kisumu, nyumba ya Waislamu wa tangu babu. Wakwe walituma neno moja tu: chakula kiwe halali, na wali uwe wali.

Baba mkubwa, mwenyekiti wetu, akasema wali ni wali. Kwake wali huliwa Krismasi, au ukiwa na malaria. Siku nyingine zote ni ugali na samaki. Nikakohoa. Nikasema baba, mchele wa sindano wa Ahero hautoi pilau sawa na pishori ya Mwea, na biriani si pilau iliyomwagiwa mchuzi. Mdomo huu ndio ulioniponza. Kabla sijaketi mweka hazina alishanihesabia shilingi 2,000 na kunikabidhi kaunta buku ya kamati pamoja na kitabu cha risiti, nisije nikakutana na mtu wa mchango njiani. Zunguka hoteli za Waislamu, onja, andika, utuletee mpishi wa kulisha watu 200.

Sasa, mimi ni fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari. Jumamosi hiyo asubuhi nilikuwa nikiwapangia kidato cha nne vifaa vya kemia, na nilipomaliza nikatoka nilivyo: dastikoti nyeupe, kalamu tatu mfukoni, na kipimajoto kikichungulia katikati yake. Niliona. Nikasema si neno, koti litanikinga na mchuzi.

Hoteli ya kwanza ilikuwa na meza sita na harufu ya kukushika shati ukiwa bado barabarani. Nikaagiza pilau nusu sahani, nikaigeuza kwa uma kabla ya kula. Hapa wacha nijisifu kidogo, maana ni jambo ninalolijua. Rangi ya pilau hutoka kwenye kitunguu. Kikaangwe mpaka kiwe kahawia kweli kweli, kikaribie kuungua lakini kisiungue, ndipo kitunguu saumu, tangawizi na bizari nzima vifuate, kisha nyama na supu yake, na mchele uinywe ile supu mpaka ikauke. Mpishi mvivu hukikaanga nusu nusu, halafu rangi anaiomba kwa soya sosi. Hii haikuwa ya mvivu. Punje ndefu, kila moja kivyake, na chini ya nyama nikapata kipande cha ukoko, ambacho kwa mtu anayejua ni zawadi.

Nikafungua kaunta buku. Rangi: safi. Nikanusa, nikaandika tena. Nikamwita weita.

“Mchele huu ni wa wapi?”

“Mwea, daktari.”

Nikalipenda hilo la daktari. Shuleni huniita “yule wa asidi”.

“Na nyama, nani kachinja?”

Kijana akameza mate. “Labda mwenyewe ndiye anajua.”

Akaenda jikoni na hakurudi. Akaja mwenyewe, mama mmoja wa deera ya kijani, na sahani nyingine ya pilau, kubwa, nyama zimepandana, na soda baridi. Akanieleza machinjio, jina la aliyeshika kisu, saa aliyochinja, na kwamba bismillahi ilisomwa. Nilishangaa kidogo. Machinjio mengi ya nchi hii anayeshika kisu ni Mwislamu, nyama iende kwa nani au kwa nani, kwa hiyo mimi nilitegemea jibu la neno moja. Nikala. Nikatoa pesa, mama akausukuma mkono wangu.

“Hapana, daktari. Wewe ni mtu wetu.”

Moyo ukanijaa. Kumbe habari za harusi zimeshafika, wamenitambua kama mkwe! Nikamshukuru, nikamwambia asiwe na wasiwasi, Jumamosi ijayo nitarudi na kamati nzima, tukiwa kumi na wanne, tuingie mpaka jikoni.

Mama akashika meza.

Hoteli ya pili, mwendo wa dakika tano, walikuwa wananingoja. Mlangoni kijana alikuwa anapiga deki sakafu ambayo ilikuwa bado haijakauka deki ya kwanza, na weita wote wawili walikuwa wamevaa kofia za kuogea, moja ya waridi. Usafi gani huu! Nikaandika. Biriani ikaletwa hata sijaagiza: wali mweupe wenye mistari ya zafarani, sosi ya mbuzi kwenye bakuli lake, kachumbari, ndimu. Tamu mno, ila tumbo lilikuwa tayari na sahani moja na nusu ya pilau. Nikala kwa heshima ya ukoo. Kisha nikaomba nimwone mpishi nimpongeze.

Jikoni kikaanguka kitu cha bati. Mlango wa nyuma ukajibamiza, na dirishani nikamwona mtu wa aproni akipita mbio kuelekea Kibuye, mwiko mkononi.

“Ametoka kidogo,” akasema keshia.

Nikaandika: Mpishi ana bidii. Nikauliza bili.

“Bili gani tena, daktari!”

Ya tatu ilikuwa ya mzee mmoja Msomali mwenye ndevu za hina. Supu kwanza, kama kawaida yao, halafu mlima wa wali na mguu wa mbuzi juu yake, na ndizi mbivu pembeni. Ndizi hiyo huimegi ukishamaliza. Unaimega ukichanganya na wali tonge kwa tonge. Siku ile mimi ningeiacha hata ingekuwa ya dhahabu. Nilikuwa napumua kwa zamu.

Kando ya ndizi kulikuwa na karatasi nne zimepangwa. Nikazichukua: vyeti vya afya vya wapishi, vile ambavyo kila anayeshika chakula cha watu hupimwa ndipo apewe, na kila miezi 6 arudi kupimwa. Nikasema moyoni, huyu ndiye. Hajaombwa, lakini keshaleta wasifu wa wapishi wake! Nikavipitia kimoja kimoja.

“Hiki kimeisha muda tangu Machi,” nikasema. “Huyu kwenye shughuli yetu hatatufaa.”

Nyuma ya kaunta kijana mmoja akavua aproni polepole, akaikunja.

Mzee akaomba aone kaunta buku kidogo. Akaifungua, akaifunga, akanirudishia kwa mikono miwili. Ndani, noti ya 1,000.

Nilikaribia kulia. Mchango, kutoka kwa mtu ambaye hata kadi hatujampelekea! Nikatoa kitabu cha risiti.

“Jina lako kamili, mzee?”

“La nini?”

“La risiti. Na utie sahihi hapa.”

Akanitazama kama mtu anayezama. “Daktari, hii pia mnaikatia risiti?”

“Lazima. Kesho jioni inasomwa mbele ya kamati yote.”

Akaketi. Akavua kofia, akajipepea nayo.

“Kamati ya kaunti?”

“Ya harusi.”

Feni ilizunguka juu yetu. Macho ya mzee yakashuka kwenye koti, yakatua kwenye kipimajoto.

“Na hicho?”

“Cha shule.”

Aliyeanza kucheka ni yule kijana wa cheti. Aliirudia aproni yake akaivaa huku akicheka. Mzee hakucheka. Aliichukua noti yake, akachukua kalamu yangu mwenyewe mfukoni mwangu, akaandika: wali 400. Supu kwao huwa bure, lakini akafikiri kidogo, akaandika na supu, 50. Kisha akapiga simu.

Mama wa deera ya kijani alifika kwa boda, na weita wa kofia ya waridi akaja nyuma yake kwa miguu, bado ameivaa. Pilau mbili na soda, 550. Biriani, 450. Boda, 100. Kofia mbili za kuogea zilizonunuliwa kwa haraka, 100. Jumla 1,650, nikalipa bila kunong'ona. Mama akakichomoa kipimajoto, akakitia mkobani, akasema hiyo ni rehani mpaka mpishi wa jirani yake aonekane.

Usiku baba wa bibi harusi akanipigia.

“Mkwe, nasikia leo huku kwetu kapita bwana afya wa ajabu, hongo anaikatia risiti. Hukukutana naye?”

Nikamwambia sikumwona.

“Bahati yako. Na pilau je, umepata?”

Nikamwambia pilau ni ya mama mmoja wa deera ya kijani, kama bado atakubali kutupikia.

“Huyo ni dada yangu,” akasema. “Tuko naye hapa. Anauliza kipimajoto utakuja kukichukua, au akitie kwenye sufuria ya harusi.”